Nafasi Tupu ya Lenox

Waithaka, Nairobi

Kwa dadangu Nasimiyu,

Pokea salamu za kakako. Natumai u mzima, na jogoo wako bado anamkimbiza pasta. Mimi sijambo, ila magoti yamegoma, na meno yangu manne yaliyobaki hayasemezani.

Nimesikia umemfukuza mkaza mwanao Valarie mbele ya watu, eti alimlisha mwanao kitu, ndiyo maana Lenox akakohoa hadi akaisha. Nguo zake na za mtoto umezitupa nje. Dada, mrudishe. Ndiyo sababu ya barua hii, na usinipigie simu kabla hujaimaliza.

Unaijua kazi yangu ya kliniki, huku Dagoretti Corner. Miaka thelathini nilitunza kadi za wagonjwa, na daktari aliandika tu akiona ugonjwa. Kadi tupu ilikuwa mtu mzima. Mwaka jana akaletwa Ephantus, fundi wa kompyuta anayevaa viatu bila soksi, akatengeneza daftari ndani ya mashine. Ukifungua ukurasa wa mgonjwa, daftari lenyewe linaiuliza kompyuta ya maabara kule mjini kwa intaneti, na jibu linajiandika mahali pake. Nilimwambia huo ni umbea wa mashine. Akacheka, kisha akanionya kwamba pakiwa patupu si kusema mgonjwa hana kitu. Maana yake jibu halijafika, niufungue ukurasa tena kesho. Nikaitikia, nikarudia chai yangu.

Lenox alipokuja na Valarie kufuata majibu ya makohozi, palikuwa patupu. Nikamwambia mashine imetafuta TB ikaikosa, aende akaoe mke wa pili. Alicheka mpaka akakohoa. Valarie akaniuliza mara mbili kama nina hakika. Nikamjibu kwamba wanawake wa siku hizi wana haraka ya kuwa wajane.

Hawakurudi. Nalo daftari haliulizi mpaka mtu afungue ukurasa. Juma lililopita, niliporudi kutoka kumzika, niliufungua. Jibu likaja papo hapo: ana TB. Tarehe ilikuwa ya siku mbili tu baada ya mzaha wangu. Miezi mitano lilikaa mjini, hakuna aliyeliuliza.

Si Valarie, dada. Ni mimi. Kaburini nilikushika mkono nikanyamaza, na wakati huo bado sikuwa na hakika. Sasa ninayo. Daktari nimemwambia, na Jumatatu siendi kazini.

Mtafute Valarie na mtoto mkapimwe wote watatu, maana wewe ndiwe uliyemuuguza. Kisha waite wale uliowaita siku ya kumfukuza, Valarie awasomee barua hii mwenyewe, yote.

Nisalimie atakayekubali salamu zangu.

Kakako,
Sifuna