Maji Yasiyotoka Nje

Baba,

Nakuandikia nikiwa sebuleni kwako, hapa Ilula, mbele ya tangi la samaki. Hukupenda kuzungushwa, kwa hiyo nianze na jambo lenyewe: maji yako yameharibika.

Ilianzia msibani. Akina mama waliokuja kupika waliona maharage hayaivi kwa maji ya bomba. Unayajua maji yetu, magumu, sabuni yenyewe haitoi povu. Mmoja akafungulia simtanki lako la maji ya mvua, maharage yakaiva upesi, wakafurahi. Tuliporudi kutoka makaburini simtanki lilikuwa tupu, na msimu wa mvua ulikuwa umeshapita. Ningewakatazaje? Walikuwa wanalisha watu waliokuja kukulilia.

Halafu Shangazi, dada yako mkubwa, akaweka sharti: hakuna kitu chako kutoka nje mpaka ukoo ukae kugawa mirathi. Koti lako bado liko msumarini. Tulidhani ukoo utakaa mwezi uleule, lakini Baba Mdogo wa Rujewa ana mpunga. Akimaliza kuvuna anakoboa, akimaliza kukoboa ana ng'ombe. Namheshimu, ila siku akifa yeye naona ataahirisha.

Sharti likafika mpaka kwenye maji. Nilipoteka ndoo ya kwanza kutoka tangini, Shangazi alinirudisha. Kuongeza, sawa. Kumwaga, hapana. Na wewe ulikuwa unaniambia kila mara, "Usijaze tu. Toa kwanza." Ulikuwa unatoa ya zamani, unaweka ya mvua uliyoyachanganya na ya bomba kidogo, kwa sababu maji yakikauka, ugumu wake haukauki nayo, unabaki. Kiangazi chote hiki maji yamepungua na mimi nimejaza ya bomba, ugumu juu ya ugumu. Nimejaribu hata kuyachemsha kama ulivyofanya miaka ya ukame, yakapoa, nikamimina ya juu na kuuacha ukoko chini ya sufuria. Lakini yaliyokwisha kuingia yalikuwa yameshaingia. Nimekuwa nawaua samaki wako kwa adabu, Baba, kwa heshima ya marehemu.

Kioo kina mstari mweupe ambao hautoki hata kwa kucha. Majani ukiyagusa yanakwaruza. Ile mimea myekundu uliyoipenda imeoza kuanzia kwenye shina. Wale samaki wadogo wa mstari wa bluu wanajificha nyuma ya kisiki, na kila baada ya siku chache naokota mmoja. Hata waliokufa hawatoki nje, nimewazika kwenye kopo la ua hapa dirishani. Asubuhi naogopa kufungua pazia. Nimeanza kuiogopa nyumba nzima, na Shangazi anavyokaa akilitazama tangi. Nilidhani anawachukia samaki.

Juzi uvumilivu ulinishinda. Nikateka ndoo, nikaelekea mlangoni, nikamkuta amesimama hapo. Hakufoka.

"Ukimwaga haya maji, mdogo wangu ndo ameisha kweli," alisema. "Mkono wake ulikuwa humu."

Sikuwa nimeliwaza hilo. Siku ulipoanguka ulikuwa umetoka kupunguza majani, na tulipokuinua mikono yako ilikuwa bado imelowa. Mimi nilikuwa naona chumvi na ukoko, mwenzangu alikuwa anakuona wewe.

Nililia. Nikamwambia samaki nao uliwalisha kwa mkono huohuo, na wao bado wanapumua. Shangazi akapiga magoti, yale magoti yake mabovu, akazamisha mkono ndooni mpaka kwenye kiwiko, akauacha humo. Alipoutoa hakuufuta. Akanipisha, nami nikaenda kuimwagia migomba.

Mawingu yameanza kujikusanya upande wa Kilolo. Mvua ya kwanza nitaiacha ioshe bati, ya pili nitaikinga. Sitabadilisha yote kwa mara moja, maana waliobaki watashtuka na kufa. Nitatoa robo kila Jumamosi. Sijui kama watafika. Mmoja tangu jana anaogelea kwa ubavu, na naogopa mvua itamkuta ameshaondoka.

Linaloniogopesha zaidi ni kwamba nikifanikiwa, ndipo nitakuwa nimekumaliza. Kila ndoo nitakayotoa, wewe unapungua humu, na kabla mvua hazijaisha tangi litakuwa safi, mimea imechipua, na hakuna tone hata moja ulilowahi kuligusa. Ungekuwepo ungeniambia nisiwe mjinga, nitoe maji. Basi naahidi nitayatoa. Na kila Jumamosi, kabla sijatoka na ndoo, nitamwita Shangazi kwanza.

Kwaheri, Baba, kwa robo hii.

Binti yako,
Tumaini