Rejeleo la Sitini na Moja

Plovdiv, Jumanne, 6 Februari 2024

Zori, mama,

Habari kwanza, salamu baadaye. Ndivyo nilivyolelewa gazetini na sasa nimezeeka nayo. Makala yako ya ndege korongo imekubaliwa. Aliyesema ni Bwana Drahomir, mhariri wa jarida, katika barua pepe iliyoingia asubuhi hii kwenye anwani yako, ambayo uliniachia niwe naifungua. Ametoa sharti moja: orodha ya marejeo ipangwe upya yote kwa mtindo wao, imfikie kabla ya Ijumaa tarehe 15 Machi.

Sasa salamu. U hali gani? Unalala? Rumyana ameniambia kwamba ukiongea kwenye simu unakohoa mpaka manesi wanakuja, basi tuandikiane. Mwambie dada yangu asikulazimishe kula. Mimi mzima, isipokuwa goti.

Naweza kupanda ndege kesho. Sema neno.

Baba yako


Vienna, 9 Februari

Baba yangu,

Hujambo? Na hilo goti? Mimi sijambo, kwa vipimo vya wodi hii. Shangazi anakuja kila siku na supu, anaketi, ananitazama hadi kijiko cha mwisho kama askari wa mpakani.

Usije bado. Vitabu vyangu vyote viko huko, na hakuna mwingine duniani anayeweza kusoma mwandiko wangu. Kaa kwenye meza yangu unipangie orodha. Marejeo yanapewa namba kwa jinsi yanavyojitokeza ndani ya makala, si kwa alfabeti. Jina la ukoo kwanza, kisha herufi ya jina lake, bila nukta. Jina la jarida kwa herufi za mlazo. Waandishi wakizidi sita, taja sita halafu andika "na wenzake". Namba za kurasa zihakiki kwenye kitabu chenyewe, usiniamini. Nyingine niliziandika nikiwa na homa.

Na usinikatie sentensi. Nakujua.

Mwanao,
Zori


Plovdiv, 17 Februari

Zori, mama,

Nimefika rejeleo la sitini. Makosa mengi ni ya kurasa, machache ni ya miaka. Profesa mmoja umemfanya achapishe kitabu kabla hajazaliwa. Nimemrekebisha.

Unaendeleaje? Rumyana anasema wamebadilisha dawa. Umepata nafuu?

Nimejikuta humo. Rejeleo la kumi na nne ni habari yangu ya gazetini ya mwaka 1994, korongo wa kwanza kutua kwenye mnara wa kanisa. Mtindo wa jarida unasema habari isiyo na jina la mwandishi iorodheshwe kwa jina la gazeti. Kwa hiyo baba yako ameingia kwenye sayansi bila jina. Stoyna wa ghorofa ya chini alipanda na mkate wa jibini, nikamwonyesha. Akasema, "Velko, miaka thelathini ulikuwa unatuandikia habari za ndege, na sisi tulidhani ni za mwenye hekima fulani."

Swali moja tu. Rejeleo la sitini na moja: Karadzhova Z, yaani wewe mwenyewe, "Korongo wasiohama", itachapishwa. Wapi? Sharti lao linasema kazi ambayo haijakubaliwa na jarida lolote haiingii kwenye orodha. Nipe jina la jarida nilijaze.

Baba yako


Vienna, 24 Februari

Baba,

Salamu kutoka kwetu sote wawili. Herufi anapiga Shangazi, maneno ni yangu. Akiongeza lake utalijua, litahusu supu.

Ya sitini na moja haipo. Kuna kichwa cha habari na kurasa mbili za madokezo kuhusu wale korongo wanaokaa jalalani majira yote ya baridi. Nilipoandika "itachapishwa" nilikuwa nimepanga kuwahesabu Desemba iliyopita. Desemba nilikuwa hapa.

Jana daktari alikaa kwenye kiti, na hawa huwa hawakai. Alisema wanasimamisha dawa. Nilimuuliza muda, akasema hapendi kutaja. Nikamwambia baba yangu ni mwandishi wa habari, atataka tarehe. Akasema basi tuseme masika.

Ifute ya sitini na moja.

Mwanao


Plovdiv, 28 Februari

Zori, mama,

Nimeisoma barua yako. Nimeisoma tena.

Sijaifuta. Nimemwandikia Bwana Drahomir kumwomba mstari huo ubaki. Nimemweleza kwamba madokezo yapo, kwamba mwandishi yuko hai, na kwamba baba yake anaweza kwenda jalalani mwenyewe na darubini Desemba ijayo, akahesabu kwa njia utakayomwelekeza. Ni mstari mmoja. Gazetini niliwahi kupigania mistari yenye maana ndogo kuliko huo.

Stoyna alinikuta mezani. "Mzee mzima, unalilia koma?" Nikamwambia ni kitunguu. Akatazama huku na huku. "Kitunguu chenyewe kiko wapi?"

Keshokutwa ni tarehe mosi Machi. Nimemkabidhi mtoto wa Stoyna anayeendesha basi la Vienna uzi wako mwekundu na mweupe, ule tunaovaa kila Machi kuombea afya. Rumyana akufunge mkononi. Wangu nitaufunga siku hiyohiyo. Tutaufungua tukimwona korongo wa kwanza, kama kila mwaka.

Nina tiketi ya Jumapili tarehe 10.

Baba yako


Vienna, 4 Machi

Baba,

Uzi umefika, ninao. Asante.

Bwana Drahomir amejibu, nimemsoma kabla yako. Ni mpole sana. Anasema kanuni ni kanuni, lakini kwa hali ilivyo yuko tayari kufumba macho. Mimi sitaki afumbe.

Nilipokuwa na miaka tisa ulirudi nyumbani na mafuriko yote ya mto Maritsa mfukoni, na hukuandika idadi ya waliokufa kwa sababu mtu mmoja tu ndiye aliyekuambia. Mama alikwambia magazeti mengine yote yameandika. Ukasema, "Habari isiyothibitishwa haitoki." Nilikuwa chini ya meza, nilisikia.

Ya sitini na moja haijathibitishwa, Baba.

Ukiifuta, kumbuka zote zilizo chini yake zinapanda namba moja, kwenye orodha na ndani ya makala pia. Pitia moja moja. Usiruke.

Tiketi ya tarehe 10 ibadilishe.

Mwanao,
Zori


Plovdiv, Jumatatu, 18 Machi

Zori, mama,

Korongo wa kwanza ametua jana kwenye mnara wa kanisa. Aliyesema ni Stoyna, aliyenigongea mlango akiwa na kandambili. Nilikwenda kumthibitisha. Ni mmoja, mguu wa kushoto una pete.

Barua hii itafika kwenye sanduku lako ninalolifungua mimi. Najua. Sikuona njia nyingine ya kukupa taarifa.

Nilifika Vienna Jumatano tarehe 6, jioni. Ulikuwa umelala na hukuamka. Nilikuambia kwamba nimekuja. Rumyana anasema ulisikia, maana vidole vyako vilisogea. Mimi nilikuwa nimeushika mkono huo na siwezi kuthibitisha. Alhamisi alfajiri ulifariki. Tangazo la kifo nimeliandika mwenyewe, mistari saba, limebandikwa mlangoni kwetu na kwenye lango la chuo. Stoyna alitaka niongeze "mpendwa". Nimeongeza.

Ya sitini na moja nimeifuta Jumatano iliyopita. Ya sitini na mbili imekuwa ya sitini na moja, na zilizofuata zimepanda hivyo hivyo hadi mwisho. Nimezipitia moja moja, kwenye orodha na ndani ya makala. Sikuruka. Sentensi iliyokuwa ikitegemea kazi hiyo sasa inasema tu kwamba suala la korongo wasiohama halijachunguzwa. Ndiyo pekee niliyokugusia. Alhamisi nilituma. Bwana Drahomir amepokea, na ameuliza kama aweke alama ya msalaba mbele ya jina lako, kama wanavyofanya kwa mwandishi aliyefariki. Hilo limethibitishwa. Nimemjibu aweke.

Uzi wangu nimeufungua jana, nikaufunga kwenye mti wa plamu uani. Wako sikuufungua. Wewe hukumwona korongo, kwa hiyo umekwenda nao mkononi.

Arobaini yako ni Jumatatu tarehe 15 Aprili. Prufu za makala, kurasa za kusahihisha mara ya mwisho, zinatakiwa zirudi siku hiyohiyo kabla ya adhuhuri. Makaburini tunakwenda saa nne. Nitazituma saa tatu.

Baba yako