Vidonge vya Watachoka

Iguguno, Mkalama,
Singida.
Jumapili, 15 Juni 2025

Mpendwa binamu Emiliana,

Pokea salamu kutoka huku kwenye upepo na vumbi. Natumaini wewe, shemeji Obadia na watoto ni wazima, na kwamba joto la Tanga bado halijawayeyusha. Huku baridi ya kipupwe imeingia. Asubuhi tunagombania jua la ukutani na mbuzi, na kwa kuwa mbuzi wana pembe, unajua nani anashinda.

Sisi hatujambo kwa kiasi chake. Mke wangu Witness anakusalimu. Bado anasema mimi ndiye mtoto wake wa mwisho na aliyemsumbua kuliko wote. Alizeti tumevuna, ingawa ndege walivuna kabla yetu. Vitunguu vimetoka vizuri mno, na juu ya vitunguu nitakuwa na neno baadaye, tena neno baya.

Naona unasoma haraka haraka ukitafuta habari za mama yako. Shangazi ni mzima. Anakula, anasali, na ulimi wake haujapata kutu. Hana mafua, binamu. Hakuwahi kuwa na mafua. Hiyo nilikudanganya mimi.

Nimechukua kalamu badala ya simu kwa sababu unanijua. Kwenye simu ningeanza mzaha, ungecheka, salio lingekatika, nami ningeshukuru. Karatasi haicheki, ndiyo maana naiogopa.

Basi tuanze na mkebe. Tangu uajiriwe kwenye lile duka la vyakula vya mbwa na paka, kila ukipiga simu sisi tunapata semina. Mara kuna mafuta ya samaki ya kung'arisha manyoya, mara unga wenye vijidudu vizuri vya tumbo, mara biskuti za kusafisha meno, mara chakula kisichokuwa na nafaka hata punje. Mama yako aliuliza mbwa asiyekula nafaka anakula nini, maua? Mimi nikasema mbwa wa Tanga wana kliniki nzuri kuliko baba zao. Tulikucheka sana, na ulicheka pamoja nasi, lakini baada ya Pasaka ukatuma mkebe kwa basi, wenye picha ya mbwa anayekimbia, na ujumbe kwamba vidonge ni vya viungo vya mbwa wetu Watachoka, kimoja kila asubuhi pamoja na chakula.

Nilipokea mimi. Watachoka mwenyewe wakati huo alikuwa anaamka kama mzee wa baraza, mguu mmoja kwanza, kisha anatafakari. Na wewe unajua mbwa yule ni nani kwa mama yako. Alimpa jina hilo ili majirani waliokuwa wakimsengenya wasikie kila anapomwita. Sasa macho yake yamefifia, na yule mbwa ndiye anayemtangulia kwenda kanisani na kisimani, na kengele ya mbuzi shingoni, shangazi anafuata mlio. Ulijua unachofanya ulipotuma dawa ya viungo. Ulikuwa unatengeneza miguu ya mama yako.

Sasa niambie, binamu, mwanaume mwenye magoti yaliyokufa kwa palizi ya alizeti anasoma kwenye mkebe kwamba humo mna kitu cha kulainisha maungio, afanye nini? Nilisema goti ni goti. Nikaonja kimoja. Kina ladha ya maini. Asubuhi iliyofuata nikaonja kingine, na jioni pia, na nikajihisi mwepesi, au nilitaka kujihisi. Witness alinikuta nyuma ya ghala natafuna. Akasema, "Baba Joshua, ukianza kubweka nikufunge wapi?" Nikamwambia anyamaze, wageni watasikia. Hapakuwa na wageni.

Hadi hapo unaweza kucheka. Mimi mwenyewe nilicheka. Ila mkebe ulikwisha, na kila asubuhi shangazi alikuwa anauliza kutoka mlangoni kwake, "Baba, Watachoka amepata dawa yake?" Unajua huniita baba kwa kuwa nimebeba jina la babake. Nami najibu, amepata, shangazi.

Dhamiri ilinisuta, si sana, kiasi tu cha kunifanya nijitie utaalamu. Niliona kwenye simu mtu mmoja akifundisha kutengeneza lishe ya mbwa nyumbani. Alikuwa anaweka kitunguu saumu, chembe tu, akidai kinafukuza kupe. Nikajiuliza kwa nini kwetu tunyimwe. Kitunguu saumu hatuna, lakini vitunguu maji tunavyo hadi tunavikanyaga, vile vidogo ambavyo mnunuzi anavikataa. Si ni ndugu? Nikavikata, nikavianika kwenye bati, nikavisaga pamoja na dagaa na mashudu ya alizeti. Kama chembe inamfaa mbwa wa mtu wa kwenye simu, nikasema, wa kwetu tumpe kwa kiganja. Hatuna ubahili.

Nilijisifu, binamu. Nilimpelekea jirani Sostenes kopo zima. Mbwa wake alinusa akaondoka zake, na sasa naona alituzidi akili mimi na Sostenes tukijumlishwa. Nilishaanza kufikiria nikuletee uuze dukani kwenu. Nilikuwa nimefikia kwenye rangi ya kopo.

Watachoka yeye alikula. Alikuwa ananiamini. Nilichanganya na mchuzi wa mifupa, naye akalamba bakuli hadi likasogea.

Haikuchukua muda akaanza kulala mchana kutwa. Kisha akawa hainuki. Ufizi ulikuwa mweupe kama chaki na mkojo wake rangi ya chai ya rangi. Shangazi alikaa naye chini, mkono juu ya mbavu zake, akawa anahesabu pumzi kwa sauti ndogo kwa Kinyiramba. Jumapili hiyo hakwenda kanisani. Wala hakusema kwa nini, alisema tu haisikii kengele.

Nilimwita afisa mifugo, kijana anaitwa Calist, akaja na pikipiki. Akamkagua, akauliza mbele yetu sote, "Anakula nini?" Nikasema ugali, dagaa, mabaki ya nyumbani. Akauliza, "Na dawa yoyote?" Shangazi akageuza uso kwangu. Na mimi, Emiliana, nikasema, "Kuna vidonge binamu yangu alituma kutoka Tanga."

Sijui nikueleze vipi. Neno hilo halikunitoka kama uongo. Lilitoka kama mtu anavyorudisha mkono kutoka kwenye moto. Kukubali kwamba vidonge nilikula mimi, mtu mzima mwenye mvi, mbele ya kijana yule na mbele ya shangazi, nilishindwa. Basi nikaweka jina lako pale ambapo langu lilipaswa kukaa.

Calist alimtundikia dripu na kumchoma sindano. Alipokwenda kunawa akapita kwenye bakuli la mbwa, akaliinua, akanusa. Alinivuta pembeni ya pikipiki. Aliniambia kwamba kitunguu, cha aina yoyote, kiwe kibichi au kikavu, kinaharibu damu ya mbwa, na kikisagwa ndiyo kinazidi, na hata hicho saumu cha kwenye simu kisimguse. Hakunitukana. Nilimwomba asimwambie shangazi. Akaniangalia kidogo, akavaa kofia yake, akasema, "Hilo ni la nyumbani kwenu, mzee wangu." Ndivyo lilivyobaki la nyumbani kwetu.

Na wewe yaliyofuata unayajua, kwa sababu yalikuangukia. Mama yako alikupigia jioni ile ile akakwambia usitume tena sumu nyumbani kwake, na kwamba mji umekufundisha kuuza chochote kilicho kwenye kopo. Kisha akazima simu, akaifunga kwenye kitenge, akaitia sandukuni. Ulilia ukanipigia mimi. Uliniuliza, "Binamu, kweli nimemuua mbwa wa mama?" Nikakujibu, tuombe Mungu. Nilijifunika jina lake kama blanketi. Ulisema unawafikiria wote uliowauzia vidonge vile, kwamba hulali, kwamba umemwambia tajiri yako unataka kuacha kazi. Na mimi nikakwambia mama ana mafua, mwache apumzike kidogo.

Usiache kazi. Vidonge vyako havina kosa. Mbwa wa mama yako hakumeza hata kimoja.

Watachoka hajafa. Hili ningelisema mwanzo, lakini niliogopa ukilisoma ungenisamehe kabla hujajua unasamehe nini. Ufizi umeanza kuwa mwekundu. Anakula maini na mayai ya kuchemsha, kunishinda mimi. Jana alitembea hadi kwenye zizi, akarudi.

Naiacha hapa. Kuna mtu lazima aambiwe kabla yako.

*

Jumanne.

Nimemwambia. Nilimkuta nje anapukuchua mahindi kwa kupapasa, Watachoka amelala miguuni pake. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, nikakaa chini vumbini. Nilianza kwa mzaha kuhusu magoti. Akasema, "Baba, sema ulichokuja kusema." Nikasema chote.

Hakuacha kupukuchua. Alimaliza gunzi, akachukua lingine. Mwishowe akasema, "Kwa hiyo vidonge vilikuwa tumboni mwako."

"Ndiyo, shangazi."

"Na ile siku namtukana mwanangu, wewe ulikuwa umekaa hapo kwenye kinu."

"Nilikuwepo."

"Ukanisikiliza."

Nikasema nilisikiliza. Nilitamani anipige na gunzi, kama zamani. Badala yake alipapasa shingo ya mbwa mpaka akaikuta kengele, akaishika isilie. Nikadhani ananiapiza kimoyomoyo. Kumbe alikuwa anatafuta maneno yake mwenyewe, akaniambia niyaandike bila kuyapamba. Haya hapa:

"Mwambie Emiliana kwamba mama yake alipaswa kuuliza mara mbili, akauliza mara moja. Mwambie tangu ahamie Tanga nilikuwa natafuta kosa lake, la kumshikia. Nilipopewa, sikulikagua. Nililipenda. Huyu Simeoni alileta uongo, lakini kiti niliuwekea mimi."

Nilipomaliza kuandika nikamwambia mwalimu Joyce anasafiri Alhamisi kwenda Korogwe, atakufikishia barua. Shangazi akasema kwa ukoo wetu aliyekosa hatumi mtu. Anakwenda mwenyewe na jogoo, anakaa chini mpaka aambiwe ainuke, na hilo ninalijua tangu nilipokuwa nachunga ndama. Nikasema shangazi, ni basi kutwa nzima, nitakaa vipi na miguu hii. Akasema, "Si ulikula dawa?"

Witness alicheka hadi akakaa chini. Mimi nilikwenda kushika jogoo.

Nikamwomba basi angalau akupigie leo, usikie sauti yake. Akakataa. Amesema hataki umsikie ukiwa bado unajiona mwenye kosa, maana utaanza wewe kuomba radhi, na hiyo radhi hana mahali pa kuiweka. Usome kwanza. Ukishajua, yeye atakuwa tayari.

Nisalimie shemeji Obadia, mwambie sikuja kutembea, asichinje. Wasalimie watoto, hasa mdogo Esta, na asinikimbie kwa sura hii. Huku Joshua wangu anawasalimu, na Witness, na jirani Sostenes ambaye ameomba nisimtaje. Mungu wa baba zetu alinde mlango wako, na kazi ya mikono yako isichafuliwe tena na mdomo wa ndugu.

Sasa, Emiliana. Barua hii hukuichukua posta. Umepewa mkononi, nimekuomba usome kabla hujaniuliza habari za safari, na kama nimefanya nilivyoagizwa, nimekaa chini kwenye sakafu yako, jogoo kafungwa miguu pembeni, na soda uliyonikaribisha sijaigusa. Usiinue macho kwangu bado. Mama yako ametoa simu sandukuni. Ameichaji kwa mwalimu Joyce, ameiweka mapajani, na amesema atakaa nayo tangu basi langu litakapoondoka. Mpigie yeye kwanza. Mimi na jogoo tutasubiri.

Ni mimi binamu yako, nikupendaye hata siku ambayo sistahili kulitamka neno hilo,
Simeoni