Krenki Uliyonitumia Imefungwa

Nyumba ya nyuma ya kiwanda cha mbao,
Jumapili, tarehe 14 Julai.

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kile kikohozi ulichokitaja kimekwisha. Sisi hatujambo. Goti linamsumbua Bibi asubuhi tu. Likishapata joto hulisahau, akaanza kututuma.

Krenki ya baiskeli ilifika Jumatano, mikono yote miwili ya pedeli na gurudumu lake la meno, imeviringishwa ndani ya sweta lako la zamani. Asante sana. Sweta nimelichukua pia, kwa kuwa hukusema nisilichukue.

Ilifika wakati wake hasa. Tundu la mkono wa zamani lilikuwa limelika, pedeli ikicheza kama jino bovu, na Baba alikuwa amemwambia mnunuzi wa vyuma chakavu aje Jumamosi aichukue baiskeli yako. Nilimwomba Baba anipe hadi siku hiyo niitengeneze. Masomo ya ziada ya hisabati yako ng'ambo ya mji, na kwa miguu hufika wenzangu wakiwa swali la tano. Mwalimu alishasema nikichelewa tena nafasi yangu atapewa mwingine.

Fundi baiskeli aliniazima kifaa cha kuvutia mkono wa zamani, lakini alikataa kunifungia mpya. Alisema nikiifunga mwenyewe, siku ikilegea njiani sitakaa chini kulia.

Basi jana asubuhi nikasafisha ekseli inayoshika mikono ya pedeli, nikakaza nati hadi viganja vikauma, nikapanda. Pedeli zote mbili zikashuka pamoja, zikapanda pamoja, nikawa narukaruka uani kama chura. Mnunuzi wa vyuma alikuwa ameshaegesha mkokoteni mlangoni.

"Fundi," Baba akaniita, "hiyo ni ya kupanda au ya kuchezea ngoma?"

"Mwache mtoto," Bibi akasema. "Wewe siku ya harusi yako ulivaa shati nje ndani."

Nikachuchumaa, nikatazama vizuri. Ncha ya ekseli ina pembe nne, kwa hiyo mkono unaweza kukaa namna nne, nami nilikuwa nimeuelekeza upande uleule wa mwenzake. Nikauvuta, nikaugeuza nusu duara, nikakaza upya. Safari hii nilitoka uani, nikaupita mkokoteni, nikazunguka kiwanda mara mbili. Niliporudi, mnunuzi alikuwa anaondoka na krenki ya zamani peke yake.

Mchana nilifika darasani mlango ukiwa bado umefungwa. Sijawahi kufurahia kufuli namna ile.

Kuna jambo sijamwambia mtu hapa. Nilipopandisha kiti, kilinitosha palepale penye mkwaruzo ulioupiga wewe kwenye bomba lake ulipokuwa na umri wangu. Sikuongeza, sikupunguza.

Baba na Bibi wanakusalimu sana, na fundi baiskeli pia. Mungu akulinde kazini na njiani, akurudishe kwetu salama. Ukija nitakupokea stendi mwenyewe; karia ya nyuma ya kukubebea nayo nimeikaza.

Wako akupendaye,
Binti wa kaka yako, mwenye sweta.