Majoka Mia na Ushee, Malisho Hakuna

“Ukitaka kushinda, punguza karata.”

Shikamoo, mshauri. Hayo ni maneno ya rafiki yangu Tanvir, ambaye baba yake ana duka la vitenge hapo Shinyanga mjini, nami nayapinga na naomba unisaidie kumnyamazisha, maana urafiki wetu unakaribia kuvunjika. Mimi ni fundi wa malori hapa Isaka, na Tanvir ndiye aliyenifundisha ule mchezo wa karata za majoka na wachawi ambazo mjomba wake humletea kutoka Nairobi, unanunua pakiti bila kujua ndani mna nini, unabadilishana na wenzako, halafu unajipangia fungu lako la kupigania, na sheria inasema fungu lisipungue karata sitini lakini haisemi lisizidi ngapi, basi mimi nimeweka zote nilizo nazo, mia na ushee, karibu zote majoka, hata kuzichanga kwa mkono mmoja siwezi, na watu wakiniona naziweka mezani wananiheshimu.

Tatizo ni kwamba nashindwa. Nashindwa na Tanvir, nashindwa na dada yake Vaishali, juzi nimeshindwa na Herman wa stesheni aliyejifunza mchezo Pasaka hii hii. Sasa mashindano ya Mwanza yanakaribia, wanacheza wawili wawili, nasi tuliahidiana kwenda pamoja, lakini Tanvir ananiambia, “Maduhu bwana, toa nusu ya hayo majoka au namchukua Herman.” Nikamjibu kwamba baba yangu kule Mhunze hajawahi kupunguza kundi lake la ng'ombe ili kumfurahisha mtu. Akasema, “Baba yako haendi Mwanza.” Vaishali akacheka mpaka akakaa chini. Mshauri, mtu anaachaje nyumbani joka alilolihangaikia, kama mgonjwa? Au nimwache aende na huyo Herman wake?

Maduhu, Isaka

Marahaba, Maduhu. Umeomba nimnyamazishe Tanvir. Nitaanza na wewe.

Kila zamu unavuta karata moja tu. Joka lako bora likiwa ndani ya sitini, mtaonana. Likiwa ndani ya mia na ushee, litafika mezani Herman ameshakwenda kunywa chai. Tena mpwa wangu, anayeucheza mchezo huo, ananiambia kila joka linadai kwanza karata za ardhi mezani, ndizo malisho yake, ndipo litoke mkononi. Wewe ardhi hukuitaja hata kwa bahati mbaya. Yaani umekusanya madume yenye pembe ndefu, majani hakuna, maji hakuna, halafu unashangaa yamelala. Unaheshimiwa? Unachekwa, ndugu yangu, kwa adabu.

Na usimsingizie mzee. Hivi ng'ombe wote wa baba yako wanalala zizi moja? Kamuulize. Atakwambia wengine wako Tinde kwa rafiki yake, wengine kwa shemeji. Wasukuma mnaita kubilisa: unampa mwenzako ng'ombe amtunze, anakunywa maziwa, na ng'ombe anabaki wako. Zizi la nyumbani linabaki na wale ambao malisho yanawatosha, na hakuna anayemwita mzee maskini. Wewe umerithi majivuno yake, akili ukaiacha Mhunze.

Tandaza karata zote sakafuni. Bakiza sitini, wala usiongeze moja ya huruma. Zaidi ya ishirini ziwe za ardhi. Nyingi kati ya zilizosalia ziwe viumbe vidogo vinavyotoka mapema na kumsumbua mtu. Ardhi na vidogo usivyo navyo, badilishana na wenzako kwa majoka. Majoka yawe machache, yale uliyowahi kuyaona yakikushindia, si yale yenye picha ya kutisha. Mengine wabilisie wachezaji wa Isaka na Tinde wasiokwenda Mwanza. Wacheze nayo, yanabaki yako. Kisha mwombe Vaishali mcheze. Akikupiga, toa joka jingine, usitoe sababu.

Nawe Tanvir, najua gazeti hili linakufikia, kwa kuwa baba yako huwafungia wateja vitenge kwa kurasa zake. Kuhusu karata umesema kweli. Kuhusu Herman umekosa adabu: mtu uliyemwahidi safari humtishi kwa jina la mwingine. Jumapili hii panda gari uende Isaka, ukae sakafuni na Maduhu, mlipange hilo fungu pamoja, na usirudi Shinyanga mpaka akupige.