Mlango wa Mbele wa Nyumba ya Magogo

Baba,

Bado uko juu ya kabati langu hapa Kenton, ndani ya chombo cha shaba, na kila asubuhi nikichukua koti kwenda kazini nakuaga. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha ya karakana yako. Kwa Kipunjabi ningelazimika kuwa na adabu, na leo sina.

Kaka Jaspal amerudi kutoka Kenya juzi. Alipita Eldoret kuitazama ile nyumba ya magogo. Siku hizi ni hoteli ya watalii, na ukutani wametundika kibao cha historia: eti mlowezi wa kwanza wa pale aliijenga kwa mikono yake mwenyewe. Mikono yake! Nilipokuwa nakufuata kwenda kuziba paa, mikono ile niliiona ikishika kikombe tu.

Mierezi uliichagua wewe. Pembe ulizichonga wewe kwa tezo, mpaka magogo yakakaliana bila msumari. Mlango wa mbele ulikula siku nyingi kuliko chumba kizima. "Mbao haina haraka," ulikuwa ukisema. Ukautia bawaba, ukaufunga, na tangu hapo wewe mwenyewe ukawa unaingilia mlango wa jikoni. Ulinisimulia hayo ukicheka. Mimi sikuona cha kuchekesha.

Halafu ukatuleta huku kwa Waingereza. Baridi ya kwanza, mama hajajua hata pa kununua bizari, wewe unataka kwenda kumwamkia Bwana, yule yule mlowezi, aliyekuwa amerudi kijijini kwake! Tukapanda treni, mimi na wewe na boksi la laddu, vile vitamu vya kwetu. Alifungua mwenyewe, mzee, fimbo mkononi. Akakutambua. Akatabasamu kabisa, akasema kwa kile Kiswahili chao, "Nenda mlango ya jikoni, fundi."

Ukaenda. Ukaenda, Baba! Mtu mzima, kilemba kipya, unazunguka nyumba ya watu kwenye matope, binti yako nyuma. Mpishi akapokea boksi, akafunga mlango. Nyumbani ukamwambia mama, "Bwana ametupokea vizuri sana," ukanitazama mimi.

Na baada ya yote hayo, pale hospitali, ukaniomba majivu yako yamwagwe kwenye mto ulio chini ya nyumba ile ile ya magogo. Mito yote ya dunia! Nimekukatalia mwaka mzima. Jaspal anasema, "Maji ni maji, dada, hata Thames ni mto." Nami nilikuwa tayari. Afadhali Thames kuliko kulala miguuni pa mtu yule.

Lakini juzi Jaspal alinisimulia habari za mlango wako wa mbele. Anasema ameusukuma kwa kidole kimoja ukafunguka, haukwami, haulii, kama umetundikwa jana. Nililia, Baba, nikasahau chai jikoni ikafurika. Kumbe hukutaka kuwa karibu na Bwana. Ulitaka kuwa karibu na kazi yako. Ungenieleza, nisingekukasirikia hivi. Na bado nimekasirika, usidhani yameisha.

Nimekata tiketi. Mtoni tutafika, nakuahidi, lakini kwanza nitakupitisha mlango wa mbele. Nitakuweka juu ya meza ya sebuleni na kuagiza chai ya watu wawili. Wakiniuliza ndani ya chombo mna nani, nitawaambia kwa sauti, kibao chao kikisikia: aliyeijenga nyumba hii.

Kwaheri, Baba. Safari hii usizunguke.

Binti yako,
Manjit