Shada la Kwanza

Jumatatu, 12 Januari

Nimetoka maabara saa tisa. Mirija ya damu tangu alfajiri, shingo imekaza. Treni imechelewa, baridi ya kukata masikio. Nilikuwa bado sijakaa vizuri Amosi akapiga. Mama amefariki jioni, huko nyumbani.

Nilipitiliza vituo viwili. Nimerudi kwa miguu kwenye theluji, sikuwa na haraka.

Maziko Jumamosi, Manyoni. Siendi. Karatasi zangu ziko uhamiaji, nikitoka sirudi. Kaka Danieli yuko Shakopee, hapa hapa ugenini, na pasipoti iliyoisha muda, alikuwa akisema ataishughulikia kesho tangu mwaka juzi. Amosi, mdogo wetu, ndiye aliye nyumbani. Mimi nimepewa kuandika historia ya marehemu, ile ya kusomwa kabla ya mashada. Eti kwa kuwa ndimi niliyesoma. Nimechoka hata kulia.

Jumanne, 13 Januari

Alizaliwa. Alisoma. Alifundisha shule ya msingi miaka thelathini. Aliolewa na Baba, fundi wa reli, aliyetangulia. Yote hayo nimeyaandika wakati wa chakula cha mchana. Nimekwama kwenye "Ameacha watoto".

Watatu au wanne?

Tabu aliletwa kwetu ana miaka tisa, mamaye alipofariki. Ndugu wa mbali wa Mama, sijawahi kuelezwa vizuri. Danieli alikuwa na sita, mimi minne. Alifika darasa la tatu, Amosi akazaliwa, Tabu akatolewa shule ili ambebe. Mama alifundisha nusu ya mji kusoma, na wa nyumbani kwake akamwachia ndoo. Hilo haliandikwi kwenye historia ya marehemu. Naliandika hapa.

Miaka kumi na moja ya mwisho, tangu Mama apooze upande mmoja, ni Tabu aliyemgeuza kitandani. Sisi tulipiga simu Jumapili.

Leo kanipigia. Akaniita Dada Rehema kama siku zote, na amenizidi miaka mitano. Nikamwambia pole. Sikumwamkia. Sijawahi kumwamkia. Upendo, binti yangu, mimi humgombeza akisahau kumpa mtu mzima shikamoo.

Upendo alikuwa mezani. Akaniuliza, kwa Kiingereza chake, huyo Tabu ni nani. Nikajibu bila kufikiri: dada wa kazi. Akarudi kwenye simu yake. 

Jumatano, 14 Januari

Niliwaomba Danieli na Amosi waniandikie wanachokumbuka, historia isiwe kavu. Wamejaza kikundi chetu cha simu. Vumbi la Septemba. Asali kwenye chupa za konyagi. Mayai ya kuchemsha tuliyouza stesheni, treni ya Kigoma ikipita. Furaha tupu. Najiuliza nani alichemsha mayai, na maji ya kuyachemshia yalitoka wapi.

Halafu Amosi akaleta kile kisa cha treni. Alikuwa mchanga mgongoni kwa jirani siku hiyo, lakini anakisimulia kama alikuwepo. Eti Tabu alinipandisha behewani kuniringishia vitanda, treni ikaondoka na sisi, tukashushwa Itigi, mkuu wa stesheni akatulaza ofisini kwake na kuturudisha asubuhi. Wakacheka wote wawili.

Haikuwa hivyo. Nilipanda mwenyewe. Tabu alinikataza, akanivuta gauni, nikamponyoka. Treni ilipoanza kusogea yeye alikuwa chini, salama kabisa. Akaruka ndani ili nisiende peke yangu. Miaka kumi na moja alikuwa nayo. Tuliporudi, Mama aliuliza nani alianza. Nilinyamaza. Tabu naye alinyamaza. Alichapwa mbele yangu, mimi nikapewa uji wa maziwa.

Niliunywa wote.

Alhamisi, 15 Januari

Nimemwambia Danieli naandika watoto wanne. Amekuja juu.

"Sista, usinichanganye, natoka shift sasa hivi. Andika 'na wengine aliowalea'. Inatosha."

Nikamwambia haitoshi. Nikasikia indiketa ya gari lake ikigonga. Kisha akalisema lenyewe. Mashada yanawekwa kwa kufuata kuzaliwa. Tabu akiitwa mtoto, anaitwa wa kwanza.

"Mji mzima unamjua Mama kama Mama Danieli. Leo mbele ya watu niwe wa pili?"

Nilikuwa na la kumjibu. Sikuwa na nguvu. Nimeandika watoto watatu, na wengine aliowalea. Nimemtumia Amosi. Amejibu kwa dole gumba. Najichukia.

Ijumaa, 16 Januari

Nimeamka kabla ya saa kulia. Nimefuta sentensi ile, nimeandika nyingine. Nikamtumia Amosi nikiwa nimevaa koti tayari, viatu mkononi. Huko ilikuwa alasiri, alikuwa kwenye foleni ya kuchapisha. Akapiga: Danieli anajua? Nikasema atajua kesho. Akavuta pumzi, akasema sawa dada, ndiye aliyenibeba mimi pia.

Kazini nimeweka lebo vibaya mara mbili. Bahati niliziona.

Jumamosi, 17 Januari

Saa kumi na moja alfajiri kwetu, saa nane mchana kwao. Upendo kaamka mwenyewe, kakaa nami na blanketi. Kwenye simu picha inakatika. Wekundu wa udongo, turubai, watu wengi kuliko nilivyotarajia. Danieli naye yumo, uso wake kwenye kona, kofia ya kazini kichwani.

Amosi akasoma.  "Ameacha watoto wanne. Tabu, Danieli, Rehema na Amosi." Danieli akazima kamera.

Wakaita mashada. Mtoto wa kwanza wa marehemu, Tabu. Hakuna aliyesogea. Wakaita tena. Watu wakageuka kutazamana. Nikasikia mama mmoja karibu na simu akisema, yuko jikoni, anapakua.

Akafuatwa. Akaja mbio kutoka upande wa masufuria, kanga imelowa kifuani, akifuta mikono kwenye nguo. Alidhani ametumwa kitu. Amosi akampa shada. Alilishika kwa mikono miwili kama sinia la moto, hakujua aliweke wapi. Mchungaji akamwonyesha.

Upendo akauliza mbona mama huyo hakuwa amekaa mbele na familia.  Nikamwambia nilimdanganya Jumanne, huyo ni mama yake mkubwa.

Jumapili, 18 Januari

Danieli amekuja baada ya ibada. Hakunisalimu vizuri. Akala, akaosha sahani yake mwenyewe, kitu ambacho hafanyi. Kisha akasema akiwa amenipa mgongo, sinki likitiririka: "Ulipanda mwenyewe ile treni. Nilikuwa kwenye mapipa ya mafuta pale stesheni. Niliona."

Miaka yote hiyo. Tulikuwa wawili tulionyamaza.

Akaondoka mapema. Ana zamu kesho.

Jumatano, 21 Januari

Theluji tena. Sina zamu leo.

Nimempigia Tabu asubuhi. Alikuwa anarudisha masufuria kwa majirani. Akaanza, "Dada Rehema, habari za huko."

Nikasema, "Shikamoo, dada Tabu."

  Nikasikia jogoo, na sufuria likiwekwa chini.

"Marahaba," akasema.

Kisha akauliza kama baridi imepungua. Nikamwambia bado.